Miguu Ina Mwenyewe

Bochaberi alimimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akayajaribu kwa kiwiko kama mama anavyojaribu maji ya mtoto, akaliweka beseni mbele ya mama mkwe wake. Lilikuwa beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, limechubuka upande mmoja, pakabaki doa jeusi kama jicho la kuku. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya kilima tangu alfajiri, na humo ndani, katika chumba cha akina mama nyuma ya kanisa, mvuke wa maji uliungana nao dirishani hata usijue upi ni upi.

Ilikuwa Sabato ya robo. Kila robo ya mwaka Wasabato wa kilima kile, upande wa Nyaramba, walishiriki Meza ya Bwana. Kabla ya mkate usiotiwa chachu, na kabla ya maji ya zabibu kavu zilizonunuliwa dukani kwa Indravadan mjini Kisii na kuchemshwa jikoni kwa Bochaberi, watu walitawadhana miguu, wanaume kwao, wanawake kwao, wawili wawili. Mmoja anapiga magoti, anaosha, kisha wanabadilishana. Ukiwa na neno na mwenzako, hapo ndipo pa kulimaliza. Kama hamna neno, basi mnaosha vumbi.

Wanawake walikuwa wamekwisha kupata wenzao. Maji yalilia polepole, na mmoja wao aliimba kwa pua bila kufungua kinywa. Mong'ina Nyamusi, kikongwe wa watu, aliketi kwenye benchi, miguu mitupu juu ya gunia, akiangalia mahali patupu mbele yake.

"Mama, nitakuosha mimi," Bochaberi alinong'ona.

"Wewe? Umenikosea nini wewe?"

"Hakuna mtu asiyemkosea mama mkwe," mwanamke wa benchi la pili alidakia, na chumba kizima kikacheka kwa sauti ya chini, sauti ya Sabato.

Nyamusi naye alicheka. "Hilo ni kweli. Lakini hayo tutamalizia jikoni." Akaifuta miguu yake mikavu kwa leso, kana kwamba imeoshwa. "Miguu hii ina mwenyewe."

Akainuka, akapita katikati ya kanisa, fimbo yake ikigonga sakafu. Wanaume walikuwa wanarudi kwenye viti vyao, mikono ikinuka sabuni. Mbele, karibu na meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, alisimama Ondieki, mzee wa kanisa, mwanawe wa kumzaa. Alimwona mama yake akielekea mlangoni kabla mkate haujafunuliwa.

"Mzee wa kanisa," Machogu, shemasi mkongwe, alimwambia kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, "mama yako anakwenda."

"Nimemwona."

"Ni mara ya ngapi sasa?"

Ondieki alinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi.

*

Mwenye miguu ile alikuwa Bathsheba, mke mwenza wa Nyamusi.

Wote wawili walikuwa wake wa mzee Mogire, ambaye sasa alilala kaburini kwenye migomba, katikati ya nyumba zao mbili. Walibatizwa mtoni siku moja, na mchungaji wa siku hizo, mgeni asiyejua nani ni nani, akawaambia waliosimama bega kwa bega watawadhane. Watu walishika midomo. Kwa Wakisii wivu wa wake wenza una jina lake kabisa, unaitwa engareka, na mtu mwenye akili hampi mke mwenza maji hata ya kunywa, seuze ya kumwosha. Lakini mchungaji alikwisha kusema. Nyamusi akapiga magoti, akaushika mguu wa Bathsheba, na kidole kidogo cha mguu ule kilikuwa kipande tu. Jembe la Nyamusi lilikikata shambani walipokuwa wakilima wimbi. Wengine walisema jembe liliteleza. Wengine walisema jembe lilijua linakokwenda. Nyamusi aliosha kile kidole polepole kuliko vingine. Tangu siku hiyo, robo baada ya robo, alikiosha polepole hivyo hivyo, na Bathsheba alimwachia, akiangalia darini. Hawakuzungumza habari yake hata mara moja. Waliitana kwa majina ya wana wao, ng'ina Ondieki, mama wa Ondieki, na ng'ina Momanyi, na maisha yakapita.

Sasa Bathsheba alikuwa amehama kanisa.

Aliyemhamisha ni Momanyi, mwanawe, karani wa kupima majani chai. Maana mwaka ule wa sitini na nane chai ilikuwa imekwisha kupanda vilima vyote, na Wasabato walioikataza mezani kwao waliilima vizuri kuliko watu wote. Momanyi alirudi kutoka makambini, kwenye mikutano ya Wasabato ya kila mwaka, na fundisho lililomnyima usingizi. Alisema mlango wa rehema unafungwa, na atakayekutwa na doa ataachwa nje. Kwa hiyo mtu amalize kutenda dhambi sasa hivi, akiwa hai, na kumaliza kunawezekana. Aliyekwisha kumaliza hatawadhwi miguu, kwa kuwa Bwana mwenyewe alimwambia Petro kwamba mtu aliyeoga ni safi. Wazee wa kanisa walimjibu kwamba Bwana aliyasema hayo huku taulo iko mkononi mwake, akiosha. Pale pale kilima kikapasuka. Waliomfuata Momanyi wakaanza kusali katika banda la kununulia chai, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye, na siku ya Sabato lilikuwa tupu, linanuka majani yaliyonyauka. Watu wakawaita Watu wa Banda. Wenyewe walijiita Waliosafishwa.

Bathsheba alinunuliwa na mwanawe raba nyeupe za turubai. Alizipaka chaki kila Ijumaa kabla ya jua kutua.

*

Siku ya kununua, Ondieki alisimama kwenye foleni ya banda na kikapu chake. Mizani ilining'inia kwenye boriti. Momanyi, kalamu sikioni, alimwaga majani mezani, akayatawanya kwa vidole vyembamba, akachagua.

"Hili gumu. Hili nalo. Hili lina mistari ya mvua ya mawe." Aliyaweka pembeni moja baada ya jingine. "Majani mawili na kichipukizi, nimesema mara ngapi? Nani kachuma haya?"

"Mke wangu. Yule uliyekula chakula chake juzi."

"Chakula kilikuwa kizuri. Majani ni mabaya."

Foleni ikacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Karani, muulize kama ameyatubia."

"Momanyi," Ondieki alishusha sauti, "nusu ya kikapu ni nyingi. Nina dawa ya kununua. Mama anaumwa kifua."

"Pole." Na alimaanisha, macho yake yalilegea kidogo. "Lakini nikipokea jani bovu la ndugu yangu, nitamrudishiaje mtu mwingine lake? Jani moja linaharibu gunia zima. Kiwandani hawaulizi ni la nani."

Ondieki alirudisha majani yaliyokataliwa kikapuni, konzi kwa konzi, watu wakimtazama. Alipomaliza hakuondoka.

"Sikuja kwa majani peke yake. Mama anataka kushiriki Meza kabla hajaenda. Anaona anakwenda. Na hawezi kula mkate bila kutawadhana, na hataki mtu mwingine ila mama yako. Mwache aje. Ni kitambo kidogo tu. Wewe geuka upande, usione."

Momanyi aliiweka kalamu chini.

"Mama yangu ameitwa wa pili maisha yake yote," alisema. "Mke wa pili. Nyumba ya pili. Nyama ikigawanywa, sahani ya pili. Leo amefika mahali pasipo wa pili. Kila mtu pale ni msafi sawa na mwenzake. Nikimwambia aende akatie miguu yake ndani ya beseni la mama yako, nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba bado ana uchafu. Kwamba arudi nyuma." Akachukua kalamu. "Anayefuata."

Ondieki alibeba kikapu chake nyumbani, na yale majani mabaya akayatandaza chini ya migomba, juu ya kaburi la baba yao, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuyatupa.

*

Siku zile Nyamusi alilala na kuamka asijue mpaka uko wapi. Homa ilimjia alasiri, na mvua ya mawe kwenye vilima vile nayo huja alasiri, hata akawa anadhani mvua inanyesha ndani ya kifua chake. Aliota mto. Kwenye ukingo ilisimama miguu mitupu bila watu, mingine ina nyufa za visigino, mingine laini ya watoto, yote inamsubiri kwa adabu. Akaipitia mmoja mmoja. Ule wenye kidole pungufu haukuwapo.

"Bochaberi," aliita, "wameita majina yote?"

"Majina ya nini, mama?"

"Ya miguu."

Bochaberi alimfuta jasho, akampa uji wa wimbi kwa kijiko. Nje, ng'ambo ya ua, Bathsheba alikuwa akizungumza na kuku. Tangu Momanyi akataze ushirika wa maombi na nyumba ile, Bathsheba, asijue salamu inaishia wapi na maombi yanaanzia wapi, alipata njia hiyo. "Eti wewe kuku," alisema kwa sauti kubwa, "mgonjwa amekula leo?"

Bochaberi akachungulia mlangoni, akamjibu kuku yule yule. "Amekula vijiko vitatu, halafu akakataa."

"Mwambie, wewe kuku, uji uwe na ndimu. Huwa anaupenda na ndimu."

Kuku aliendelea kudona. Ndimu ililetwa baadaye, ikawekwa juu ya kaburi la Mogire, mahali pasipo pa nyumba yoyote.

Nyamusi aliionja ndani ya uji, akafumba macho. "Hii imetoka mti wa nani?"

"Wa ng'ambo, mama."

"Najua wa ng'ambo. Nimeupanda mimi." Akakirudisha kijiko. "Mti ukubali kuja, mwenyewe akatae."

Ondieki alikuwa amepeleka habari kwa mchungaji, na jibu likaja: Sabato ijayo, baada ya ibada, mchungaji atapitia nyumbani na mkate wa wagonjwa. Ondieki akamweleza mama yake kwamba mwanamke yeyote anaweza kumtawadha, hata shemasi, hata mke wa mchungaji mwenyewe. Hakuna mstari unaotaja mtu maalumu.

"Mwanangu, nimesikia," alisema Nyamusi. "Ukikosana na Machogu, utaenda kupatana na nani? Na mke wa mchungaji?"

*

Siku ya Jumatano Ondieki na Bochaberi walikuwa kwenye chai mawingu yalipofunga. Mawe yalianza kudondoka, makubwa kama maharagwe. Beseni jeupe lilikuwa limeachwa chini ya upenu, likaanza kulia: teng, teng, teng-teng-teng. Ndani, Nyamusi alifumbua macho. Alisikia kengele ya kanisa. Alisikia maji yanamiminwa na wanawake wanapata wenzao.

"Nimechelewa," aliwaambia watu wasiokuwapo.

Alitoka na shuka moja. Ua ulikuwa mweupe wote, kana kwamba mtu amemwaga chumvi, na nyumba ya ng'ambo ilielea juu ya ule weupe bila kugusa ardhi. Alilichukua beseni, likiwa na mawe yanayoyeyuka ndani yake, akaanza kuvuka. Alipofika kwenye migomba alianguka. Tope lilimpokea taratibu, na akabaki ameketi hapo kando ya mumewe, beseni mapajani, akisubiri aitwe.

Bathsheba alimwona kutoka mlangoni. Hakuita kuku. Alikimbia na zile raba nyeupe miguuni, akamwinua mwenzake kwapani, akamkokota mpaka nyumbani kwake, akamketisha kando ya jiko. Maji ya ugali yalikuwa yakichemka. Aliyapooza kwenye beseni pamoja na yale mawe ya mvua, akapiga magoti, akaanza kuondoa tope, kisigino, kifundo, katikati ya vidole. Moshi ulizunguka chini ya paa. Nyamusi alianza kuimba kwa pua, bila maneno, ule wimbo wa kila robo, na Bathsheba, bila kufikiri, akamwitikia sauti ya pili.

Alipomaliza alimfuta kwa leso yake mwenyewe.

"Sasa wewe," Nyamusi alisema. "Lete yako, ng'ina Momanyi."

Bathsheba alitazama raba zake. Zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Ndani yake miguu ilikuwa mikavu.

"Yangu ni safi, ng'ina Ondieki," alisema polepole. "Nilikuwa na viatu."

Nyamusi alimtazama kama mtu anayetazama kitu chini ya maji. Kisha akaamka kabisa, akajua alipo, akaomba fimbo arudi kwake.

*

Habari haikungoja jua lichwe. Kesho yake Machogu alifika uani na kikohozi chake, wakakaa na Ondieki kwenye kigogo.

"Kwa hiyo ametawadhwa," Ondieki alisema. "Limekwisha. Mchungaji aje na mkate."

"Palikuwa na sala?"

"Alikuwa anaimba."

"Wimbo upi? Wa kitabuni?"

"Machogu, mtu ana homa!"

"Mimi nauliza tu. Ilikuwa Jumatano. Maji yalikuwa ya ugali. Kama hiyo ni huduma, basi wake zetu wanatuhudumia kila siku."

"Na huenda wanatuhudumia," Bochaberi alisema akipita na ndoo, na Machogu akajifanya kukohoa.

Bandani nako hakukuwa na amani. Waliosafishwa waligombana juu ya Bathsheba, wengine wakisema ameanguka, wengine wakisema maji yakiwa ya moto ni huduma lakini yakiwa baridi ni usafi wa kawaida. Wakatuma mtu aulize. Jibu lilirudi kwamba maji yalikuwa ya moto yenye barafu ndani yake, na hapo wakashindwa kabisa.

Momanyi alimkuta mama yake akipaka raba chaki.

"Mama, uliosha miguu yake?"

"Niliosha matope."

"Tofauti yake nini?"

"Wewe ndiye mwalimu," Bathsheba alisema, akapuliza chaki. "Mimi nilimwona mtu chini."

Momanyi alikaa kwenye kizingiti, mikono yake ya kupimia imening'inia. Alitaka kusema jambo kali, lakini lililomtoka lilikuwa la kitoto. "Nilitaka usiinamie mtu tena, mama. Basi."

Mama yake alimtazama kisogoni. "Kuinama si kitu, mwanangu," alisema. "Mgongo ukizoea, umezoea. Kuinamiwa ndiko kugumu."

Ng'ambo ya ua sauti nyembamba ya mgonjwa ilitoka dirishani, ikawakuta Machogu na Ondieki bado wanahojiana kuhusu Jumatano.

"Nusu!" ilisema. "Nyinyi wa kuhesabu, hesabuni vizuri. Nimeoshwa. Sijaosha."

*

Sabato ilikuja na ukungu uliokataa kuondoka hata adhuhuri. Vilima vilikuwa vimefutwa, na kilichobaki ni ua ule na nyumba zake mbili, kana kwamba dunia nzima ni hapo. Mchungaji alikuja akisukuma baiskeli, kijana mpole mwenye uchovu wa makanisa mengi. Alifungua mkoba juu ya meza ndogo: mkate mwembamba uliofungwa kwa kitambaa, kichupa cha maji ya zabibu, kikombe kidogo cha glasi. Machogu alikuwapo. Ondieki alikuwapo na gambuti zake zenye tope, maana alitoka kuangalia ng'ombe. Bochaberi aliliweka beseni kando ya kitanda. Maji aliyachemsha jana kabla ya jua kutua, akayafukia kwenye majivu ya moto, na mvuke ulikuwa bado unapanda.

Nyamusi aliegemezwa mito. Usoni alikuwa amebaki macho.

"Mama," mchungaji alisema, "nimeelezwa yote. Mungu anaangalia nia. Nitaomba, halafu utakula."

"Mungu ataangalia nia," Nyamusi alisema. "Mimi nina kidole."

Mchungaji alimgeukia Ondieki. Ondieki alitazama sakafu.

"Mama, tafadhali," alisema Ondieki, na sauti yake ilivunjika mbele ya watu, mzee wa kanisa mzima. "Usiende hivi. Watasema mama wa mzee wa kanisa alikufa ameukataa mkate. Kula."

"Wataendelea kusema hata nikila. Ngoja kidogo."

"Ngoja nini?"

Nyamusi alikuwa anasikiliza. Kwa muda hapakusikika kitu ila matone yakidondoka kutoka kwenye migomba. Mchungaji alianza kuufunga mkate tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Ndipo sauti ya Momanyi ikasikika uani.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Wote waligeukia mlangoni. Kupitia ukungu, Bathsheba alikuwa anakuja, raba nyeupe mkononi. Hakufuata njia ya mawe iliyopita katikati ya nyumba. Alikuwa anazunguka kwa upande wa zizi, mahali ng'ombe walipokoroga udongo, na alikuwa anakanyaga polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, akiuzamisha kila mmoja mpaka kwenye kifundo kama mtu anayekanda udongo wa kupigia ukuta.

"Nimekanyaga matope," alisema bila kusimama. "Nakwenda kunawa."

"Si maji yapo nyumbani?"

"Ni baridi. Kwetu hatuwashi moto Sabato. Wewe ndiye uliyekataza." Akafika mlangoni. "Hawa wana maji moto."

Fundisho lote la Momanyi halikuwa na neno kuhusu mwanamke mzee aliyekanyaga matope.

Bathsheba hakumsalimu mchungaji. Alivuta kigoda, akaketi kando ya kitanda, akainua ukingo wa gauni, akatia miguu yote miwili ndani ya beseni. Maji yakawa rangi ya kakao.

"Ng'ina Ondieki," alisema, akiangalia darini, "nimechafuka."

"Naona," Nyamusi alisema. "Umechafuka vibaya."

Alishindwa kupiga magoti. Bochaberi na Ondieki walimshika mabega, wakamwinamisha ukingoni mwa kitanda, na mikono yake, iliyokuwa haiwezi tena kushika kijiko, ikashuka majini. Ilitafuta. Ilipita visigino, ikapita nyayo, vidole vikubwa, na ilipofika kwenye kile kipande kidogo ikasimama hapo. Machogu alivua kofia. Nyamusi alikisugua kwa kidole gumba polepole, polepole, muda wa wimbo mzima ambao hakuna aliyeuimba, na Bathsheba alimwachia, macho yake yakiwa darini, machozi yakimteremka kuelekea masikioni.

"Bado kinauma?" Nyamusi aliuliza.

Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuuliza.

"Wakati wa baridi," Bathsheba alisema.

Mchungaji alisubiri mpaka mikono ikatoka majini. Kisha alifungua kitambaa, akaumega mkate, na Nyamusi akala kipande kidogo kisichozidi ukucha, akanywa kikombe chake, akalala juu ya mito kwa pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Bathsheba alipewa, akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Nitakula siku nyingine," alisema. "Leo nilikuja kunawa."

Momanyi alikuwa amefika kwenye kizingiti. Hakuingia, wala hakurudi. Aliziokota raba za mama yake pale zilipoachwa, akazigongesha pamoja, na chaki ikapeperuka kama unga.

"Momanyi," Bochaberi alimwita kama kawaida, kama siku yoyote, "uko karibu na mlango. Pokea beseni hili utumwagie."

Alipokea kwa mikono miwili. Kitu cha wazee hakipokewi kwa mmoja. Akasimama nacho uani. Maji yale mtu hayamwagi njiani, wala hayamwagi mahali pa dharau. Upande huu ilikuwa nyumba ya kwanza na upande ule ya pili, na ukungu ulikuwa umeyameza mengine yote. Alisimama kwa muda, mvuke wa maji ukimpanda usoni. Mwisho akaenda kwenye migomba, mahali majani ya ndugu yake aliyoyakataa yalipokuwa yanaoza taratibu, akainama, akamwaga maji hapo.

"Umemaliza?" sauti nyembamba ya Nyamusi ilimfuata kutoka kitandani. "Basi turudishie beseni, mwanangu. Maji moto bado yapo."

Momanyi alisimama akalitazama lile beseni tupu, doa lake jeusi kama jicho la kuku. Ndani, Ondieki alikuwa ameketi kwenye kigoda alichokiacha Bathsheba, ameanza kuvua gambuti.